Kijiti Kando ya Unyayo

Hadi leo nikinusa vumbi la makaa, hujiona juu ya lile lori lililotutoa Kibwezi, nimejibanza kifuani pa baba katikati ya magunia. Mama alikuwa amefariki. Lori lilichemka kila mlimani, tukashuka, tukangoja, tukapanda tena. Baba alikuwa mfuata nyayo aliyewaongoza wageni kuwinda tembo na nyati. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, wageni walirudi kwao na bunduki zao, yeye akabaki na macho tu. Tulipanga chumba jijini, mtaa wa Maringo, naye akapata kibarua cha kupakia magunia viwandani.

Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa huo baba aliukataa. Jioni, ugali ukitokota, alinifundisha kazi ambayo haikuwapo tena. Rusha majivu uone upepo unakokwenda, kwa maana mnyama hafuatwi upepo ukiwa mgongoni mwako. Nyati aliyejeruhiwa usimfuate kwa pupa. Huzunguka akakuvizia kando ya njia uliyopita. Ukipotewa na nyayo, usikimbilie mbele: chomeka kijiti kando ya unyayo wa mwisho uliouona vizuri, kisha tafuta ukizunguka. Ukishindwa, rudi kijitini uanze upya. Na porini mtu haitwi kwa jina, kwani hakuna kinachofukuza wanyama kama sauti ya binadamu.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniumiza. Giza likikaribia, akina mama walisimama milangoni wakiita, “Otieno! Wambui! Kujeni mkule!” na uwanja ukapungua mtoto mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake. Mimi sikuitwa. Baba alikuwa amechonga pengo kwenye kisigino cha akala yangu ya tairi, akalifuata vumbini kati ya nyayo za mtaa mzima, hadi nikashtukia kivuli chake nyuma yangu.

“Mutua, polisi wako amefika!” wenzangu walicheka.

Mama Otieno, jirani yetu, hakuvumilia. “Baba Mutua, kwani huyu mtoto hana jina? Si umwite tu!”

“Nikimwita, atajua niko wapi,” baba alijibu. “Nikimfuata, nitajua yeye yuko wapi.”

“Haya, mwindaji wa Maringo! Sisi nyati wako tumekoma.”

Nilicheka nao, ila nilitamani kitu kimoja tu: jina langu likivuka ule uwanja kwa sauti yake.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kujenga barabara kaskazini. Niliondoka asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. Watu walikuwa wamepanga mawe ya kukanyagia, lakini mimi nilipita kwenye tope, polepole, nikibonyeza kisigino, ili baba asije akasoma nyayo za mtu anayekimbia. Masikio yangu yote yalikuwa nyuma. Hakuniita. Nilipogeuka penye mfereji, nilimwona amechutama mlangoni, anachomeka kijiti kando ya unyayo wangu wa kwanza.

Tangu hapo sijatulia: Moyale, Lodwar, Dodoma, popote penye barabara ya kujengwa. Lami haishiki unyayo wa mtu. Simu hutaja jina langu mchana kutwa, na wanaoniita hawajui nilikopitia. Baba alifariki nikiwa mbali. Siku nilipopita Maringo, pale mlangoni petu palikuwa pamesakafiwa kwa saruji. Mama Otieno, sasa mzee, alinisimulia kwamba baba alikilinda kile kijiti hadi mvua ilipokichukua, akiwafukuza watoto, “Pitieni kule!” Jioni ya siku kilipochukuliwa, akina mama wakiwa milangoni wanaita watoto wao, naye alisimama kwake, akaweka mikono mdomoni, akaita, “Mutuaaa!” Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Akangoja kidogo, akaita tena.