Walitaka Niweke Kahawa Mahali pa Yesu

Ulikuwa mwaka ule maharagwe yaliozea shambani kwa mvua, na Goma nzima ikala viazi na samaki wa chumvi wa Vitshumbi. Asubuhi viazi, jioni samaki, mpaka ukipishana na mutu njiani unajua amekula nini kabla hajafungua mudomo. Tarehe mutafute kwa waliosoma. Mimi najua samaki. Nilikuwa na mimba ya yule ambaye leo ni baba ya wajukuu wangu, na ile harufu ilinifukuza nyumbani mapema, nikawa wa kwanza kufika kazini kila siku.

Kazi yetu ilikuwa kuchagua kahawa, katika magazini moja kubwa, ghala karibu na ziwa. Malori yalishusha magunia kutoka Masisi na Rutshuru, wanaume wakamwaga kahawa juu ya meza ndefu, na sisi wanawake tukakaa pande zote mbili, tukitoa punje nyeusi, na zilizovunjika, na zilizotobolewa na wadudu. Asiyefanya kazi ile hajui inavyolaza mutu. Macho yanafuata kitu kimoja tangu asubuhi, na mwisho huoni tena, unapapasa tu. Ndiyo maana tuliimba. Mimi nilianzisha, wengine wakaitika. Nikiita, vidole vinatafuta; wakiitika, vidole vinatupa. Nyimbo zilikuwa za kanisa, na moja tuliipenda kupita zote, ile ya kusema Yesu ametutoa shimoni.

Kati ya wimbo na wimbo nilisema. Sikuficha kitu. Niliwaambia nilivyozika watoto wawili waliokufa kwa kifua katika nyumba yetu ya majani, iliyokaa juu ya mawe meusi ya mulima wa moto, mahali mvua inaingia kwa chini na baridi inapanda katika mukeka. Niliwaambia nilivyosimama ziwani na jiwe limefungwa ndani ya kikwembe changu cha kiunoni, na nilivyorudi nyumbani. Nani alinirudisha? Nilimutaja kwa jina lake. Wengine walilia, wengine walipiga miayo. Mama mumoja aliyetembea kutoka Mugunga kila siku alizoea kuniambia, "Dada, leo utuhurumie. Jana umetuokoa mara mbili." Tulicheka, na kazi ikaenda.

Kisha akaja bwana mukubwa mupya, Muzungu. Sitamusema vibaya kuliko alivyokuwa. Hakupiga mutu, hakutukana, na Kiswahili alikijua cha kumutosha. Ila Mungu hakuwa na nafasi kwake. Siku ya Mungu, wakati kengele ya misioni inalia, yeye alikuwa anaoga ziwani na chupa yake ya bia inapoa ndani ya maji. Alisikiliza kuimba kwetu siku chache, mikono mifukoni, kisha akamutuma karani atuambie kwamba dini ni ya kanisani na ya nyumbani, hapa ni kahawa. Tunyamaze.

Tukanyamaza. Kabla jua halijafika katikati, nusu ya meza ilikuwa inasinzia. Punje nyeusi zilipita kama wageni wa harusi, hakuna wa kuziuliza zinakwenda wapi. Wakatuambia tujaribu nyimbo za harusi. Lakini zile zina mwendo wa miguu, hazina mwendo wa vidole. Wanawake walicheza kwenye viti, mabega juu mabega chini, na kahawa nzuri ikamwagika chini. Bwana mukubwa alipoona gunia lililotoka siku ile, alikaa juu yake akashika kichwa.

Karani ndiye aliyemupa akili. Alikuwa kijana wa Butembo, mukatoliki, suruali yake imenyooshwa mpaka inaweza kukata mukate. Mimi nilimupenda, aliniita mama kwa heshima. Lakini alikuwa ameshajifunza kuona haya mbele ya wakubwa. Mbele ya wanawake wote aliniambia kwamba kwa watu walioendelea dini ni kama nguo ya ndani: kila mutu anayo, hakuna anayeionyesha. Nikamwuliza, "Na wewe, mwanangu, tutajuaje kama umevaa?" Magazini ilicheka mpaka wapakizi wa nje wakaja kuchungulia. Naye alicheka, maskini. Halafu akasema alichotumwa. Wimbo urudi, ule ule tunaoupenda, na sauti ile ile. Jina tu ndilo litoke. Mahali pa Yesu, tuweke kahawa.

Nilifikiri anatania. Akauimba mwenyewe ili tuusikie: kahawa imetutoa shimoni.

Na mimi, kwa sababu bila mimi wimbo haukusimama, nilipewa kitu ambacho hakuna mwanamuke wa meza ile aliyewahi kupewa. Ningekuwa kapita, musimamizi wa wanawake wote. Na ningepewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali, mabati juu na sima chini, ile saruji ngumu. Sima chini. Wanaojua mawe ya Goma yanavyotoa baridi usiku wa mvua wataelewa kwa nini ninasema mara mbili.

Mume wangu aliposikia, hakungoja nimalize. Alikwenda kuiona nyumba, akarudi akiniambia mulango unafungwa na ufunguo. Nikamwambia wanataka nini. Akauliza, "Mungu atapungukiwa nini?" Yeye alibatizwa kabla yangu. Dada yake, wifi yangu, aliyekaa ubavuni mwangu mezani, naye aliniambia niimbe kahawa kwa mudomo na niseme Yesu moyoni, Mungu si kiziwi, atasikia ya ndani. Kisha akaangalia tumbo langu, na kuangalia kule kuliniuma kuliko maneno. Alikuwa amenisaidia kuosha wale wawili kabla hatujawazika.

Musifikiri sikutamani. Nilipita njia ya kambi makusudi, nikaingia ndani ya ile nyumba, nikavua viatu. Miguu yangu ilikaa pakavu. Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo sikujua nimupe nani. Kama wangenipiga juu ya Yesu, ningejua la kufanya. Tulifundishwa habari za waliopigwa. Hakuna aliyetufundisha habari za watu wanaokupa nyumba. Hakuna hata mumoja aliyesema Mungu hayuko. Karani alikuwa naye moyoni. Mume wangu, moyoni. Wifi, moyoni. Hata bwana mukubwa alimwambia karani kwamba mama yake, kule Ulaya, alikuwa naye moyoni. Sijaona tena mioyo iliyojaa hivyo na midomo mitupu hivyo. Mutoto akipata cheti cha shule wanakwenda kutangaza mpaka Sake. Ng'ombe wa mutu akizaa pacha, tunasikia wote. Lakini aliyekutoa ndani ya maji na jiwe lako, huyo umufiche kama ndugu mwenye ukoma.

Na sasa wajukuu wangu, ambao ninajivunia na munajua ninajivunia, mumoja muganga wa hospitali, mumoja mwalimu, wananiambia vilevile. Koko, punguza sauti, mambo ya imani ni ya mutu binafsi. Wamevaa tai, wanasema maneno ya karani wangu wa zamani. Ninachoka.

Basi siku ikafika. Wageni wangekuja, wanunuzi wa kahawa kutoka mbali, na bwana mukubwa alitaka wakute meza inaimba. Asubuhi nilimungojea karani mulangoni. Alikuwa amebeba ufunguo wa nyumba, umefungwa kamba nyekundu, anipe mbele ya wageni. Sikupandisha sauti. Nilimwambia, "Huu mudomo na jina la Yesu vinaingia kazini pamoja. Mukikataa kimoja, mumekosa vyote viwili."

Aliuweka ufunguo mufukoni. Aliniomba nifikiri tena, nifikiri tumbo. Nikamwambia tumbo ndilo ninalofikiri, na nikaenda kukaa kwenye kiti changu.

Wageni waliingia na kofia zao. Bwana mukubwa akatoa ishara kwa kidole. Mimi niliendelea kuchagua punje. Wifi akaniangalia, kisha akajaribu kuanzisha yeye, na mama wa Mugunga akamusaidia. Kahawa imetutoa. Waliitika wachache, wengine wakachelewa, mumoja akasahau akasema Yesu, jirani yake akaanza kucheka ndani ya kikwembe. Wimbo ukafa mezani. Nje mvua ilianza, ikapiga mabati ya magazini kwa nguvu.

Bwana mukubwa akaja mpaka mbele yangu. Hakuwa na hasira. Akaniuliza kwa nini siimbi.

Karani akawahi kujibu. "Koo lake linauma, bwana. Tangu jana hana sauti."

Alisema uongo ule kwa upendo, ninamushuhudia mpaka leo. Na bwana mukubwa akauchukua kwa upendo vilevile. Alinipa pole. Aliagiza niletewe chai ya moto, nirudi nyumbani nikapumzike, nitaimba nikipona, wageni watakuja tena. Kisha akasema, na hili nililisikia vizuri kupita mvua yote ile, kwamba nyumba ni yangu, niingie leo, nisilale kwenye mvua na tumbo kubwa.

Mumeona. Sikuombwa kuimba tena. Sikuombwa kumukana mutu. Niliombwa kukaa tu kama nilivyokaa, na mudomo umefungwa, na jioni ningekanyaga sima. Karani alikuwa ananisihi kwa macho. Wifi alinibana paja chini ya meza mpaka alama ilibaki. Wanawake wote, wale niliowaambia habari za ziwa na za jiwe, waliacha kahawa wakaniangalia.

Nilisimama. Nilimwambia bwana mukubwa kwamba koo langu ni zima, na kwamba asimukasirikie karani, alitaka kuniponya. Nikamwambia kwamba asubuhi nilitoa jibu, na kwa kuwa halikumufikia, nitalisema tena hapa, wote wasikie. Sauti yangu ilipanda juu ya mvua.

"Huu mudomo na jina la Yesu vinaingia kazini pamoja. Mukikataa kimoja, mumekosa vyote viwili."