Waya Ulionyamaza

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, tukiwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Ipole, nilipotoka nyumbani na panga la baba na kiburi changu chote. Shule nilisoma miaka miwili tu, lakini kwa nyuki, binti wa mrina asali mimi, nani alinishinda?

Wifi yangu Pili alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto kakaa vibaya. Mkunga akasema ni gari la hospitali ya Tabora, si yeye tena. Katibu wa kijiji akazungusha mpini wa simu mpaka jasho likamtoka. Kimya. "Simu imekufa," akasema, vijana wakaanza kufunga machela.

Mimi nikasikia neno moja tu: imekufa. Upepo ulikuwa umelegeza nyaya za simu shambani kwetu, zikaning'inia usawa wa kifua. Shaba tupu! Mizinga ya baba ilitaka kufungwa, na mikono yangu ilitaka bangili. Nikagusa waya mmoja kwa kidole. Haukunifanya kitu. Nikainua panga.

"We binti! Shusha!"

Fundi simu, mzee wa mjini, alikuwa akifuata nguzo kwa baiskeli.

"Shikamoo mzee. Simu ya katibu imekufa, na waya huu umekufa, nimeugusa."

"Marahaba. Ninyi warina asali wa huku, mzinga ukinyamaza, mnatia mkono?"

Nikashusha panga. Kwetu mzinga hugongwa kwanza, kisha sikio hutegwa.

Akafungua kopo la bati. Ndani mna betri, taa kama punje ya mahindi, transista ya kukuza umeme hafifu, aliyoing'oa kwenye redio mbovu, na rezista.

"Rezista ndiyo mlinzi," akasema. "Waya unatoa tone tu la umeme, kama asali kwenye chujio. Kidole chako kina mlinzi gani? Mtu angepiga simu umeshika, ungejikuta umetupwa kwenye tuta lile la mahindi."

Akashika vishikio vya mpira, akagusisha ncha kwenye nyaya mbili. Taa ikawaka.

"Nzima. Kibovu ni chombo cha katibu wenu."

Ndipo nikamwambia habari za Pili. Akalitazama panga langu. Akaunganisha simu yake ya kazi hapohapo, akaita Tabora. Gari lilifika kabla ya adhuhuri. Pili akapona, na binti yake akapona.

Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Usikate usichokipima, wala usipime kwa mwili wako kilicho na kipimo chake. Tamaa yangu ya bangili ingechimba makaburi mawili, la Pili na la binti yake; mpaka leo sivai shaba.

Mungu akujalie sikio jepesi, na mkono usio na haraka ya panga. Amina.