Mabuti ya Daktari wa Kuku

Kuku wakianza kufa ghafla mtaani kwetu, huitwa daktari wa kuku, naye huja kwa mbwembwe kama bwana harusi: koti jeupe lililonyooka kwa pasi, mabuti ya mpira yanayong'aa. Hasemi kuku amekufa. Husema "amepoteza uhai," huku kamning'iniza marehemu kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine. Humpasua, humnusa, hufumba macho. "Hmm," husema, na hiyo hmm ndiyo majibu ya uchunguzi. Kisu hukifuta kwa leso, leso huirudisha mfukoni, na huyoo, banda la jirani.

Jana ilikuwa zamu ya shangazi yangu, aliyeamka akakuta matetea wake weupe wanne wamelala chali. Mlangoni mwa banda alikuwa ameweka beseni la dawa, kila anayeingia akanyage humo kwanza. Daktari alilitazama beseni, akapandisha suruali, akaliruka.

"Dawa hii inababua mpira, mama."

Akachuchumaa katikati ya kuku waliobaki, akapasua, akanusa, akafumba macho. "Hmm. Ugonjwa huu hauji wenyewe. Kuna mtu anawaletea."

Shangazi alikuwa anatazama nyayo za yale mabuti, zilizoinuka daktari alipochuchumaa. Zilikuwa zimegandwa na kinyesi kibichi na manyoya mekundu, naye tangu aanze kufuga hajawahi kuwa na kuku mwekundu.