Machipukizi ya Migomba

Nikipita penye shamba lililotandazwa nyasi mbichi, harufu yake hunirudisha asubuhi moja ya utotoni, kule Kihanga.

Mbung'o walikuwa wamemaliza ng'ombe wetu, tukahama mbugani na kujenga kibanda kando ya shamba la watu tusiowajua. Sisi tulikuwa watu wa maziwa. Mama hakuwahi kushika jembe. Asubuhi hiyo alilima kidogo tu, viganja vikachubuka, akakaa chini akalia.

Mwenye shamba, mama mtu mzima, akatujia na machipukizi ya migomba kichwani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia mama. "Usilie, mwanangu. Shimo lifike magotini, kisha tutafunika kwa nyasi. Nitachimba nawe."

"Sina cha kukupa."

"Kwani nimekuomba nini?"

Wakachimba mpaka jua likawa kali, mimi nikiwaletea nyasi.

Mkungu wa kwanza ulipokomaa, mama alimpelekea bibi ukiwa mzima. Bibi akaukata katikati, akaturudishia nusu.

"Watoto nao wapate kula," alisema.

Tangu siku hiyo tuliingia kwake bila kupiga hodi.