Albamu ya Mwisho Ghalani Al Quoz

Zakayo alikuwa mtunza ghala la vitambaa huko Al Quoz, ughaibuni kwa Waarabu, mpole, mcha Mungu, ila kinanda chake cha umeme alikipenda kama mwana wa kuzaa. Yeye na Wakenya wawili, Samuel mwimbaji na Metrine mpiga gitaa, walikuwa na bendi yao ya nyu wevu, muziki ule wa vinanda na ngoma za mashine. Ijumaa arbab, tajiri wake, aliwaachia ghala, wakarekodi katikati ya majora ya vitambaa, maana majora humeza mwangwi.

Albamu hii ilikuwa ya mwisho. Viza ya Samuel ilifutwa, na jioni ile angepanda ndege. Ulibaki wimbo mmoja, na bila sauti yake usingekuwa wimbo.

Walizima kiyoyozi kisivume. Joto likawakaba koo. Samuel akaimba, akarudia, akarudia tena, mpaka Metrine akafuta machozi.

"Manze Sammy, hiyo imeweza! Usiguse tena."

"Khalas, imetosha, teksi iko nje." Samuel akamkumbatia Zakayo. "Buda, tunza hiyo sauti. Ndiyo naacha huku."

Wakatoka kumsindikiza. Zakayo, wa mwisho mlangoni, akashusha swichi kuu ya umeme, kama afanyavyo kila siku afungapo ghala. Mkono ulikwenda wenyewe. Kumbe kompyuta ya kurekodia ilikuwa bado inahifadhi wimbo, na betri yake ilikufa zamani. Iliishi kwa waya.

Alipogutuka, teksi ilishapinda kona. Akawasha, akatafuta. Kinanda kipo, gitaa lipo, sauti ya Samuel hakuna.

"Ee Mungu wangu, nimefanya nini?" Akapiga magoti sakafuni.

"Inuka, Zaka. Utaomba, lakini piga simu kwanza," alisema Metrine, aliyekuwa amerudi ndani.

Zakayo akampigia Samuel teksini, akamweleza. Samuel akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wewe na swichi zako! Ngoja nifike eapoti."

Walingoja wakitazama simu. Ikaja sauti ya kurekodiwa: masanduku yakikokotwa, mtoto analia, na Samuel akiimba polepole. Ubeti mmoja. Kwenye wa pili mkaguzi akamhimiza aiweke, "Yalla, yalla, simu!" na sauti ikakatika katikati ya neno.

Haikuja nyingine. Zakayo akaupachika ubeti ule mahali pake, na kelele zake zote. Wimbo uliobaki akaupiga kwa kinanda peke yake.

Metrine alipoondoka, Zakayo akasimama mbele ya swichi, mkono juu. Hakuweza kuishusha.