Kisima cha Mstari wa Juu

Miaka miwili baada ya watu kuhamishiwa katika kijiji cha ujamaa cha Nyansurura, Waisiko Nyangwine aliambiwa kwamba atahama tena. Nyumba tisa za mstari wa juu, yake ikiwa ya mwisho kabisa mlimani, zilikuwa mbali mno na mto. Watoto walichelewa shule kwa ajili ya kuchota maji, na kamati ya kijiji ikaamua mstari mzima ushuke mbugani kabla ya mvua. Hezekia, balozi wa nyumba kumi, alileta habari hiyo akiwa amesimama. Hakutaka hata kiti.

Waisiko alikuwa amemzika mumewe nyuma ya nyumba hiyo mwaka uliopita, na udongo wa kaburi ulikuwa haujatulia. Alimuuliza Hezekia neno moja tu: maji yakipatikana huku juu, itakuwaje? Hezekia akacheka kidogo, akasema hapo kamati itakosa la kusema. Ila mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano.

Fundi wa kwanza alikuja kwa baiskeli, na kijiti chenye panda mkononi. Alizunguka uani akisema kijiti kinamvuta, kisha akataka apewe mtamba wa ng'ombe kwanza ndipo ashike sururu. Waisiko alimuuliza visima alivyochimba viko wapi na nani anachota humo. Akataja vijiji vya mbali tu, ambavyo hakuna wa kwenda kuvitazama. Alipewa uji, akaaga.

Wa pili alikuwa Nikolaus, mtu wa Kerende, ambaye ujanani alichimba dhahabu. Aliamkia shikamoo, kisha hakusema tena. Siku nzima alipanda na kushuka mlima akivunja mawe kwa nyundo. Jioni Waisiko alishindwa kuvumilia.

"Fundi, umekuja kuchimba au kuokota mawe?"

"Vyote, mama."

Waisiko alimtuma shemeji yake mpaka Kerende kuulizia, naye akarudi na habari kwamba visima viwili vya Nikolaus havijakauka hata mara moja. Wakapatana mbele ya balozi: malipo ni mtamba mmoja, siku ndoo itakapotoka na maji, chakula ni juu ya mwenye nyumba, na wakigonga mwamba, fundi atajaribu mahali pengine, mara moja tu.

Kosa lilikuwa la Waisiko. Mteremkoni, chini ya nyumba, palikuwa na kipande cha nyasi za kijani, wakati nchi nzima ilikuwa imekauka. Mtu gani haoni kwamba hapo pana maji? Nikolaus alikuna kichwa, akauliza kwa sauti ya chini kama zamani hapakuwa na boma mahali hapo. Waisiko akamjibu kwamba naye ni mgeni hapa kama wote, hayajui ya zamani, na anayetoa mtamba ni yeye. Fundi akainamisha kichwa, akachimba.

Juu palikuwa na udongo mweusi laini, chini yake changarawe kavu. Siku ya sita sururu ikalia kama kengele. Mwamba mzima. Waisiko alichukua konzi ya ule udongo mweusi, akauponda, akaunusa. Ilikuwa samadi kuukuu. Watu wa kale walilaza ng'ombe hapo, na nyasi zilikuwa zikila mbolea. Yeye, binti wa wafugaji, alikuwa ameshindwa kulitambua boma.

"Mama Kisyeri," Robi, jirani yake, alimwambia Waisiko, "maji umekosa, lakini bustani unayo."

Waisiko alicheka, maana ilikuwa kweli. Kisha akamgeukia fundi. "Mimi nilisema, wewe ukanyamaza. Sasa sema wewe, mimi ninyamaze."

Nikolaus akawapeleka nyuma ya nyumba, juu zaidi kupita kaburi, mahali pakavu pasipoota hata kichaka cha maana. Watu wakaguna: tangu lini maji yakatafutwa kwa kupanda mlima? Hapo ndipo Nikolaus alipozungumza kuliko siku zote. Aliokota jiwe jekundu, akalivunja kwa vidole kama mkate mkavu. Mawe yaliyooza namna hii, alisema, hunywa mvua yote inayotoka kileleni. Kisha akawaonyesha mstari wa mawe meusi, magumu, uliokatiza mlima hapo chini yao. Ule ni ukuta. Maji yanashuka, yanaukuta, yanasimama nyuma yake.

Alichimba siku kumi na tatu. Kwenye pima ya nne udongo ukawa na unyevu, kisha likatokea bamba la jiwe lililopinda tindo zake zote. Nikolaus akasema jiwe hilo halitaki nyundo, linataka moto, na baada ya moto, maji baridi. Madebe kumi.

Maji hayo yangetoka mtoni, kichwani. Wapo waliokataa kumwaga maji kwenye shimo la kutafutia maji. Waisiko hakubishana nao. Alibeba debe la kwanza, akashuka akabeba la pili. Alipopandisha la tatu alimkuta Robi nyuma yake. "Twende," alisema Robi, "tuukopeshe mlima." Wanawake wa nyumba zote tisa wakafuata.

Kuni ziliwaka mchana kutwa mle shimoni. Maji yalipomwagwa, jiwe lililia kama bunduki na mvuke ukapanda. Nikolaus hakukubali kushuka siku hiyo. Kesho yake alitanguliza koroboi kwa kamba, ikazimika: hewa ya mle chini ilikuwa bado mbaya. Alasiri akaiteremsha tena, ikaendelea kuwaka, ndipo akashuka na nyundo. Waliokuwa juu walisikia mapigo kumi hivi.

"Vuteni kamba," alisema kutoka chini. "Vuteni upesi."

Alitoka akiwa amelowa mpaka mapajani.

Siku ya tatu kamati nzima ilipanda mlima. Mwenyekiti alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili, kisha akamwambia Hezekia aufute mstari wa juu kwenye orodha ya wanaohama. Nikolaus alikuwa ameshaondoka na mtamba wake, akimswaga polepole kuelekea Kerende. Kwa kuwa maji yalikuwa mengi, mwenyekiti akauliza kama watu wa mistari ya chini nao wanaweza kuchota.

"Wapande," alisema Waisiko. "Mlima wenyewe si mrefu."