Herufi Tatu Ukutani kwa Babu

Jana mwanangu alipasua betri kuukuu ya redio. Harufu ile iliponifikia, hasira ikanipanda upya.

Babu mzaa mama, mwalimu mstaafu, alisaga unga mweusi wa betri na majani ya maboga, akapaka ukuta wa jiko ukawa ubao. Alitufundisha bure, wajukuu na watoto wa majirani. Siku moja nilikuwa naandika jina langu mara ya kwanza, baba akaingia.

"Shikamoo mwalimu. Nimemfuata mtoto, kuna mawe ya dhahabu ya kuponda."

"Marahaba. Mwache amalize jina."

"Jina lake tunalijua."

Wenzangu wakacheka. Akanivuta, chaki ikakatikia ukutani. Sikurudi tena darasani. Babu kila alipopaka ubao upya alizizunguka herufi zangu tatu, akisema, "Atakuja kumalizia mwenyewe." Jina nilikuja kulimalizia kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, tayari nikiwa mama wa watoto wanne, babu hayupo tena duniani.

Kwenye msiba wake baba alisimama kanisani akasema, "Mzee huyu amewasomesha watoto wetu wote."

Kanisa zima likaitikia amina. Nimefunga, nimesali, lakini amina ile mpaka leo sijaitikia.